Matuta ya Penina

Ukifika Nshamba ukauliza nani anajua migomba kuliko wenzake, watakutajia watu watatu au wanne, halafu watakuonya: usije ukamuuliza Ta Isaac mwenyewe, hutaondoka leo. Na ni kweli. Ta Isaac Ishengoma ukimuuliza swali moja la mgomba anakujibu maswali tisa ambayo hukuuliza. Ana mkungu wake mmoja wa zamani ambao, kwa maneno yake, ulibebwa na wanaume wawili na mmoja akaumwa mgongo mpaka Krismasi. Kila mwaka mkungu huo unaongezeka uzito. Safari ya mwisho kuusimulia, ulikuwa umeshabebwa na wanaume wanne, na Krismasi ilikuwa ya mwaka uliofuata.

Shule aliiacha darasa la nne. Mwenyewe anasema mwalimu ndiye aliyemwomba aondoke, kwa sababu alikuwa anawamalizia wenzake majibu. Ukweli ni kwamba baba yake alifariki, kibanja chao, shamba la migomba na kahawa, kikabaki kinaita mikono, na mikono iliyokuwepo nyumbani ilikuwa ya kwake. Kwa mikono hiyo amekitunza kibanja miaka arobaini na sita. Ameoa kwa kibanja hicho, amesomesha watoto watatu kwa kahawa na ndizi za hapo hapo, na mpaka leo ukipita chini ya migomba yake unapita kwenye kivuli, huoni jua.

Ila mwaka huu mvua za vuli zilipoanza kunyesha, kulikuwa na sehemu moja ya kibanja ambayo Ta Isaac hakutaka mtu aione. Ni nyuma ya jiko. Pale kulikuwa na matuta matatu ya mboga, na yote matatu yalikuwa yamekufa. Limebaki gugu na bua moja la mnavu, limesimama peke yake kama mtu aliyesahauliwa kwenye harusi.

Matuta yalikuwa ya mke wake, Penina.

Penina aliondoka baada ya Pasaka. Binti yao wa kwanza, Hellen, anakaa Kashai, mjini Bukoba, ana kiduka na vyumba viwili vya kupanga. Mume wake Hellen anafanya kazi migodini huko Geita, anakuja mara moja kwa miezi mitatu. Sasa Hellen akajifungua mapacha. Mapacha, duka, na mume hayupo! Penina akafunga begi lake moja na mkeka, akasimama mlangoni, akasema, "Miezi mitatu tu, Baba Hellen. Watoto wakishikika nitarudi."

Miezi mitatu ikaisha Julai. Watoto wakashikika. Penina hakurudi.

Utasema, Kashai si mbali, si Ta Isaac angeenda? Alienda. Alienda hata kabla ya hapo, mwezi wa sita, amevaa shati la kanisani, amebeba mkungu begani na kuku kwapani. Alipofika akakaa kwenye ncha ya kitanda kwa sababu hapakuwa na kiti kisichokuwa na nepi. Pacha mmoja akilala, mwingine anaamka. Penina akawa anapita mbele yake na beseni, anarudi na beseni, anamwambia, "Umekuja, karibu, shika huyu." Na baba mzima hawezi kulala kwenye vyumba viwili vya binti yake, hilo halipo. Saa tisa akaaga. Penina akamsindikiza mpaka barabarani, mtoto mgongoni, wakasimama hapo kama watu waliokutana sokoni.

Nshamba walipomuuliza, alisema, "Analia kurudi. Nimemwambia apumzike kwanza."

Kila jioni walikuwa wanaongea kwa simu. Penina akishamaliza habari za mapacha, anauliza lile lile.

"Na mboga zangu?"

"Mboga zako?" Ta Isaac anacheka. "Mboga zako zimejaa mpaka zinaomba ruhusa ya kuingia sebuleni!"

"Kweli?"

"Majirani wanakuja kuangalia bure. Ningekuwa mtu wa tamaa ningeweka geti."

"Haya, sawa," Penina anasema. "Kumbe hamna shida huko."

"Shida itoke wapi?"

Halafu simu inakatika, na Ta Isaac anabaki na sufuria lake. Ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage. Kesho yake ebitoke na maharage. Mboga hakuna, na za kununua hakutaka, angeonwaje, mtu mwenye mboga za kuwekewa geti, anunue mchicha sokoni? Anakula ameangalia mlango. Pembeni ya mlango kuna jembe la Penina, lile fupi la mpini uliolainika, na udongo wa mwezi wa nne bado umekaukia pale. Hajaligusa.

Tena kuna jambo lingine, hili hamwambii mtu. Penina alikuwa na tabia ya kuamka kabla ya jua na kuingia kwenye matuta yake, anapunguza miche huku anaimba nyimbo za kwaya kwa puani. Miaka yote Ta Isaac alikuwa analalamika ndani ya blanketi: "Mama Hellen, Mungu amekusikia, mwache na sisi tulale!" Sasa ikifika saa ile ile anaamka mwenyewe. Anatega sikio. Anasikia mbuzi wa jirani, anasikia matone yanadondoka kwenye majani ya migomba, anasikia kila kitu cha duniani isipokuwa kile anachokisikiliza. Anajigeuza, analala upande wa Penina wa kitanda, maana ule wa kwake, eti, umekuwa na baridi.

Hapo ndipo akajiwekea hesabu yake. Novemba senene wataanguka, wale panzi wa kukaanga, na Penina tangu aolewe hajawahi kukosa msimu wa senene nyumbani. Kwa hiyo atakuja, hata kwa siku mbili. Akija, jambo la kwanza ataenda nyuma ya jiko. Akikuta pamekufa, atasema hapa hapana changu tena, na atarudi Kashai moja kwa moja. Akikuta mboga zimesimama, mguu wake utakuwa mzito kuondoka. Kwa hiyo mboga lazima ziwepo.

Tatizo lilikuwa moja. Kwetu huku mwanaume anashughulika na mgomba na kahawa. Mchicha na mnavu ni mambo ya wanawake, na mwanaume wa umri wa Ta Isaac akionekana ameinamia tuta la mchicha, watu watauliza kama ana akili timamu au ameachwa. Hakutaka kuulizwa yote mawili. Akaamua atafanya kazi asubuhi mapema, kabla wauza maziwa hawajapita njiani.

Sasa mtu aliyepanda migomba miaka arobaini na sita, ukimpa mbegu ya mchicha atafanya nini? Alifanya anachokijua. Alichimba mashimo. Mashimo ya mgomba, ya kuingia mpaka magotini, sita kwa mstari, akajaza samadi nusu debe kila moja, akarudishia udongo kidogo, katikati akaweka mbegu za mchicha kwa vidole viwili, kwa heshima, kama anaweka sadaka. Halafu akafunika na nyasi, nene, ile ya kufunikia kibanja. Akasimama, akajipangusa, akaangalia kazi yake, akasema, "Penina hajawahi kupanda hivi hata siku moja." Na hilo lilikuwa kweli tupu.

Siku ya tano alikuwa amepiga magoti anafunua nyasi kutafuta mche hata mmoja, akasikia sauti upande wa pili wa mlamula uliopandwa mpakani.

"Ta Isaac! Waitu, nani amefariki?"

Alikuwa Ma Jovina, jirani yake, mjane mwenye mdomo usio na breki.

"Hakuna aliyefariki, Ma Jovina."

"Basi hayo makaburi sita ni ya nani?"

Ta Isaac akaangalia mashimo. Akaangalia mbingu. Pa kukimbilia hapakuwepo. "Ya mchicha," akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi.

Ma Jovina alishika mti wa mlamula asianguke. Alicheka mpaka kitenge kikafunguka, akakifunga, akacheka tena, kikafunguka tena. "Maawe! Mchicha umezikwa! Ta Isaac, mbegu ile ni kama chembe ya mchanga, wewe umeichimbia kisima! Na nyasi juu! Itoke vipi, ipige hodi?"

"Nilikuwa najaribu utaalamu mpya."

"Utaalamu wa kuua mchicha tulikuwa nao tayari, mbuzi wangu wanajua. Fukia hapo. Leta jembe la mwenzio."

"Ma Jovina."

"Nini?"

"Usimwambie mtu."

Alikuwa na masihara, Ma Jovina, lakini hakuwa mbaya. Alimwangalia yule mzee amepiga magoti kwenye samadi, suruali imeloa, na akaacha kucheka. "Sitasema," akasema. "Ila nikipata hamu ya kucheka nitakuja kuangalia."

Basi akamfundisha kwa kumpigia kelele kutoka upande wake wa mlamula, asubuhi kwa asubuhi. Inua tuta, usichimbe. Udongo ulainishe kama unga. Changanya mbegu na mchanga ndiyo umwage, vinginevyo zitadondoka zote sehemu moja kama watu wanaogombea ubwabwa. Funika kidogo tu. Mnavu panda upande wa migomba, unavumilia kivuli. Mchicha mpe jua. Nyunyiza majivu, wadudu wakome. Ta Isaac alilishika jembe la Penina, likawa fupi, likamkunja mgongo, na kila alipolishika alihisi kwenye mpini pale palipoingia kidogo, pa kidole gumba chake Penina. Cha kwake hakikuenea.

Vuli ikanyesha vizuri. Siku ya nne mchicha ukachungulia. Siku ya kumi ukasimama. Mnavu nao ukafuata polepole, na majani ya maboga yakaanza kutambaa kuelekea jikoni, kama vile yamesikia ule uongo wa kwenye simu na yanataka kuutimiza. Ta Isaac akawa hatembei tena, anapiga gwaride. Asubuhi anaziangalia, mchana anaziangalia, jioni anaziambia: "Mama yenu anakuja."

Na huyo mtu angeishia hapo, mambo yangekuwa mazuri. Lakini Ta Isaac na kujisifu ni kama moto na kuni. Hakuweza kusubiri senene. Akataka Penina aone sasa. Alhamisi moja akavuna mchicha na mnavu, akaupanga, akaufunga kwa kamba ya mgomba vile anavyofunga mkungu. Fungu likafumuka. Akafunga tena, mchicha ukavunjika viuno. Alipoona aibu imezidi, akaita ng'ambo ya mpaka, na Ma Jovina akaja akamfungia mafungu manane kwa dakika mbili: mabua yamelingana, kamba imezungushwa mara tatu na ncha imechomekwa ndani, safi. Ta Isaac akampa Awadhi, kijana wa bodaboda aliyekuwa anakwenda Bukoba kufuata vipuri, amfikishie Penina Kashai.

Jioni ile akakaa na simu mkononi kusubiri sifa. Simu haikuita. Akapiga yeye, ikaita mpaka ikachoka. Ijumaa hivyo hivyo. Akamtafuta Awadhi kijiweni.

"Uliwafikishia?"

"Nilimpa mama mwenyewe, mzee. Mkononi."

"Akasemaje?"

Awadhi akajikuna kichwa chini ya kofia. "Aliligeuza fungu. Akaligeuza tena. Akaangalia ile kamba. Akaniuliza, nani kafunga? Nikasema nimepewa na mzee. Akasema, mzee amefunga hivi? Akacheka."

"Akacheka vipi?"

"Akacheka kama mtu ambaye hacheki."

Ta Isaac alirudi nyumbani mwendo wa mtu aliyemeza jiwe. Sasa alielewa. Penina amefunga mboga miaka yote hiyo, anajua vizuri kabisa fungu lililofungwa na mkono wa kike. Mume wake peke yake nyumbani, bustani imestawi kuliko alivyoiacha, na mafungu yamefungwa na mwanamke! Mtu yeyote Nshamba angepata jibu lile lile. Alitaka kumwita nyumbani, kumbe amemwandikia barua kwamba nafasi yake imejazwa.

Usiku wake ulikuwa mrefu, tuuache.

Jumamosi saa nane mchana Penina akaingia. Hakupiga simu, hakutuma mtu. Alipita mlangoni bila kuweka begi chini, bila "hamjambo humu", moja kwa moja nyuma ya jiko. Ta Isaac akamfuata kwa nyuma, kandambili mkononi, hata hajui kwa nini amezivua.

Penina akasimama mbele ya matuta matatu. Akayaangalia mstari kwa mstari.

"Nani amepanda?"

"Mimi."

"Isaac." Akimwita Isaac tu, bila Baba Hellen, bila Ta, ujue pamechafuka. "Tangu unioe hujawahi kung'oa hata gugu moja hapa. Ulikuwa unaniambia mnavu ni jani la wagonjwa. Nakuuliza kwa upole, niambie tu, sitapiga kelele. Ni nani?"

"Ni mimi, Mama Hellen. Naapa."

Penina akaweka begi chini. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa mbegu, mbegu za mchicha alizokuja nazo kutoka Kashai. Akaonyesha kipande kitupu mwisho wa tuta la tatu.

"Panda nikuone."

Kwa jinsi nyumba ilivyokaa, kipande kile kinaonekana kutoka njiani. Na Jumamosi saa nane ndiyo saa ya watu wa kwaya kwenda mazoezini. Ta Isaac alijua, Penina alijua zaidi, maana ndiye aliyekuwa anaimba nao. Lakini alichukua jembe, akapiga magoti. Akalainisha udongo. Akachota mchanga kiganjani, akachanganya na mbegu. Sauti za watu zikaanza kusikika zinashuka njiani.

"Ta Isaac!" Alikuwa Lwakatare, mzee wa kanisa, rafiki yake wa tangu utoto, nyuma yake kuna watu sita wa kwaya na vitabu vyao. "Habari za mchana! Unatafuta nini hapo chini, umeangusha kitu?"

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, mpana kabisa. Angesema ndiyo, nimeangusha misumari. Angesema natafuta kuku wa Ma Jovina. Uongo saba ulimjia kichwani, wote mzuri, mmoja ulikuwa na mkungu ndani yake. Akamwangalia Penina. Penina hakuwa anamwangalia. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Napanda mchicha," akasema Ta Isaac.

Mmoja njiani akacheka, halafu wote. Lwakatare akasema, "Haya, usisahau kutuletea fungu!" na wakaendelea kushuka na kicheko chao, kikapita kona, kikapungua. Jumapili kanisa zima litajua. Ta Isaac aliendelea kumwaga mbegu, taratibu, bila kuinua uso.

"Yalikufa Julai, matuta yako," akauambia udongo. "Yote. Kila siku nilikuwa nakudanganya. Nikaona ukija ukikuta pamekufa hutakaa. Kufunga mafungu ndiyo imenishinda, nikamwita Ma Jovina. Kapige hodi umuulize, atakucheka mpaka kesho."

Penina alikaa kwenye jiwe la kuoshea vyombo.

"Kila nikipiga simu unaniambia hakuna shida," akasema. "Mboga zimejaa. Unakula vizuri. Majirani wanakuja kukutembelea. Mimi niko Kashai nabeba mapacha wawili nasema, mwezi huu ataniambia rudi. Mwezi huu atasema. Husemi. Nikasema basi, mzee amezoea."

"Nimezoea nini? Naamka saa ya nyimbo zako kila siku."

"Ulikuwa unazilalamikia."

"Nilikuwa najisifu tu kwamba nina usingizi."

Penina akacheka, na safari hii kilikuwa kicheko chenyewe. Akajifuta macho kwa pindo la kanga, akajifanya ni jasho. Ta Isaac akauliza kwa kujikaza, kama anayeuliza hali ya hewa, "Kwa hiyo unarudi?"

"Watoto bado, Baba Hellen. Hellen hawezi duka na wale wawili peke yake. Kabla ya mwakani siwezi kusema." Akaona mabega ya mumewe yanavyoshuka. "Wifi yake, Evelyne, amekuja likizo, yuko nao kwa sasa. Nitakaa kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani?"

Penina akaonyesha kwa kidevu ule mstari mpya. "Huo uliopanda mbele yangu. Nitakaa mpaka niuchume niule, nijue unaota kweli."

Ta Isaac akauangalia mstari. Kwa mvua hii mchicha unachumwa wiki tatu. Maisha yake yote ameomba mazao yawahi. Kati ya mbegu zote duniani, mwanamke huyu amembebea mchicha! Si angekuja hata na miche ya kahawa? Kahawa mtu anaisubiri miaka mitatu.

"Mama Hellen, udongo wa mwisho huku ni mzito," akasema. "Inaweza ikafika hata miezi minne."

"Panda, mzee, uache maneno."

Penina akainuka kwenda kuingiza begi ndani. Alipogeuka tu, Ta Isaac akachota udongo kwa viganja viwili, akauongeza juu ya mbegu, akaushindilia polepole kwa kiganja. Halafu akaongeza tena.